Wajakazi kumi na wawili wa Ithaca: kesi ambayo washtakiwa hawakuulizwa neno

Kabla ya kunyongwa walifanyishwa usafi.

Ukumbi wa Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, ulikuwa umejaa maiti za waposaji wa mkewe, damu imetapakaa chini ya meza. Wanawake kumi na wawili wakaitwa. Waliingia wamesongamana, wanalia kwa sauti, machozi yanawatiririka. Kazi ya kwanza ilikuwa kubeba maiti na kuzipanga nje barazani, moja imeegemezwa kwa nyingine, Odysseus mwenyewe amewasimamia akiwaharakisha. Ya pili, kuosha viti na meza kwa maji na sifongo. Telemachus, mwana wa nyumba, pamoja na mchunga nguruwe na mchunga ng'ombe wakakwangua sakafu kwa makoleo. Uchafu uliokwanguliwa wanawake wakauzoa na kuutupa nje. Ukumbi ulipotakata, wakatolewa uani, wakabanwa kwenye upenyo kati ya kibanda cha mviringo na ukuta wa ua, mahali ambapo mtu hana pa kukimbilia.

Kisa hiki kimo katika Kitabu cha 22 cha Odyssey, utenzi wa Kigiriki wa mishororo zaidi ya 12,000 unaohusishwa na jina la Homer na ambao wataalamu wengi huuweka karne ya 8 au ya 7 KK. Wanaoujua utenzi huu huujua kwa zimwi la jicho moja, kwa mchawi aliyewageuza mabaharia kuwa nguruwe, na kwa mke aliyefuma mchana akafumua usiku. Wajakazi hawa hupitwa. Nami niliwapita mara ya kwanza. Nilikuwa na haraka ya kumwona Penelope, mke wa Odysseus, akimtambua mumewe, na tukio lenyewe la kunyongwa halifiki mishororo kumi. Niliporudi nikalisoma polepole, kama mtu anavyosoma jalada la kesi, nilikuta kwamba ushahidi wa kuwatetea umo humo humo ndani ya utenzi, umetawanyika vitabu mbalimbali, na sehemu kubwa yake imetoka vinywani mwa wale wale waliowaua.

Hali ya nyumba ilikuwa hivi. Odysseus hayupo miaka ishirini, kumi vitani Troy na kumi akihangaika baharini. Vijana wa koo kubwa, 108 kwa hesabu anayoitoa Telemachus katika Kitabu cha 16, wamehamia nyumbani kwake kila siku ya Mungu, wanachinja mifugo yake, wanakunywa divai yake, wanamshinikiza mkewe achague mmoja wao. Mtoto aliyeachwa mchanga sasa ni kijana anayeota ndevu. Na ndani ya nyumba hiyo wamo wanawake hamsini wa kazi.

Hapa Kiswahili kinatuweka karibu na Kigiriki kuliko Kiingereza. Wafasiri wengi wa Kiingereza waliwaita wanawake hawa kwa neno la mtumishi wa ndani, kana kwamba mwezi ukiisha wanapokea mshahara. Neno la Homer ni dmōai, wanawake wanaomilikiwa. Sisi tunayo maneno yake tayari, na tunajua yalitoka wapi: mjakazi, mzalia, suria. Msomaji wa pwani haambiwi mara mbili kwamba mjakazi na mtumishi si kitu kimoja. Wala haambiwi kwamba swali la nani analala na mjakazi halikuwa swali la mjakazi. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria kando, wakahesabiwa kuwa watu wa ndani kama wake. Ikabidi ingojewe amri ya 1909.

Tumtazame Eurycleia, yaya mkongwe aliyemlea Odysseus na kisha mwanawe. Kitabu cha 1 kinatuambia Laertes, baba yake Odysseus, alimnunua akingali msichana kwa thamani ya ng'ombe ishirini. Kisha utenzi unaongeza jambo kama la kupita tu: Laertes alimheshimu sawa na mkewe, ila hakulala naye kamwe, kwa kuchelea hasira za mke. Jambo hilo lisingetajwa kama lingekuwa la kawaida. Kilichomkinga Eurycleia hakikuwa sheria, na kutaka au kutotaka kwake hakutajwi popote. Kilichomkinga ni wivu wa mwanamke mwingine.

Kati ya hao kumi na wawili, ni mmoja tu tunayepewa jina lake, Melantho. Baba yake ni Dolios, mtumwa ambaye Penelope alipewa na babaye alipokuwa anakwenda kuolewa. Melantho basi ni mzalia. Kitabu cha 18 kinasema Penelope alimlea kama mwanawe wa kumzaa, akimpa vichezeo vya kuufurahisha moyo wake, na hata hivyo Melantho hakuwa na huruma na majonzi ya Penelope. Alikuwa akilala na Eurymachus, mmoja wa vinara wa waposaji. Anamtukana yule ombaomba mgeni, asijue ni bwana wa nyumba, anamuuliza kwa nini asiende kulala kwenye kiwanda cha mhunzi. Ulimi wake ni mkali, sitaki kumpaka sukari. Lakini vile vichezeo vimenikaa akilini. Mtoto aliyelelewa na Penelope mumewe akiwa hayupo huenda hakuwahi kumtia Odysseus machoni. Bwana aliyeshtakiwa kumsaliti, kwake yeye alikuwa jina tu.

Sasa mashtaka. Waposaji wameshakufa, Odysseus anamwita Eurycleia. Bibi kizee anaingia, anaona maiti na damu, na anafungua kinywa apige kigelegele. Ndicho hasa, ololygē ya Kigiriki, sauti ya wanawake ya ushindi na ya kafara. Mfasiri wa Kiswahili hapa hana haja ya kutafuta neno. Odysseus anamzuia: furahi moyoni, bibi, ujizuie, si jambo takatifu kujigamba juu ya wanaume waliouawa. Ni maneno ya mtu mwenye adabu mbele ya mauti. Na pumzi hiyo hiyo anamwambia: sasa nitajie wanawake wa nyumba hii, nani wananivunjia heshima na nani hawana hatia.

Naye Eurycleia anajibu, kwa kifupi: mwanangu, nitakuambia kweli. Wanawake hamsini tumewafundisha kazi, kuchambua sufu na kuuvumilia utumwa. Kumi na wawili kati yao wameingia njia ya utovu wa haya, hawaniheshimu mimi wala Penelope mwenyewe.

Hiyo ndiyo hati ya mashtaka nzima. Jina la kwanza katika orodha ya waliovunjiwa heshima ni la shahidi mwenyewe. Ukirudi nyuma hadi Kitabu cha 19, usiku ule Eurycleia alipomtambua Odysseus kwa kovu la mguuni, alijitolea pale pale kumtajia wanawake wabaya na wema, na Odysseus akamkatalia: ya nini uwataje wewe? Nitawatazama mwenyewe nimjue kila mmoja. Siku ya hukumu ilipofika, uchunguzi huo wa mmoja mmoja haukufanyika. Alichukua neno la shahidi mmoja, mwenye kinyongo cha mkuu wa kazi dhidi ya vijana wasiomsikiliza, na idadi ikawa kumi na wawili. Hatusikii akiuliza hata swali moja la ziada. Nani alilala na nani? Nani alitukana tu? Nani alitoa siri ya ile sanda ya Laertes ambayo Penelope, ili kuchelewesha kuchagua mume, aliifuma mchana na kuifumua usiku kwa miaka mitatu? Antinous, kinara mwingine wa waposaji, anasema siri hiyo ilitolewa na mwanamke mmoja. Penelope, akisimulia jambo lile lile, anawalaumu wajakazi kwa wingi na kuwaita mbwa.

Upande wa mashtaka una jambo moja zito, na ni haki kulitaja. Mwanzoni mwa Kitabu cha 20 Odysseus amelala barazani juu ya ngozi ya ng'ombe, macho makavu, na anawasikia wanawake wakitoka kwenda kwa waposaji kama ilivyo desturi yao, wanacheka na kuchekeshana. Moyo wake unabweka kifuani, utenzi unasema, kama mbwa jike aliyesimama juu ya watoto wake akimwona mtu asiyemjua. Anajipiga kifua, anauambia moyo uvumilie, umeshavumilia makubwa zaidi kuliko haya. Anawaza awaue pale pale au awaachie usiku wa mwisho.

Hicho kicheko ndicho kilichowamaliza. Kwa karne nyingi wasomaji wamekisikia kama ungamo. Mimi nakisikia kama kicheko cha vijana watano, sita, wanaotembea gizani pamoja kwenda mahali ambako wangeitwa hata kama wasingekwenda wenyewe. Huenda wapo waliotaka kwa dhati. Eurymachus alikuwa kijana wa ukoo mkubwa, na kwa mzalia aliyezoea kuchambua sufu kutazamwa na mtu kama huyo si jambo dogo. Nakubali. Lakini utenzi wenyewe hautuachi na kicheko peke yake.

Kitabu cha 16: Odysseus, akiwa bado amejifanya ombaomba kwenye kibanda cha mchunga nguruwe, anasema ni afadhali afe kuliko kuona wageni wakisukumwa, nao wajakazi wakiburutwa kwa aibu katika nyumba nzuri. Kitabu cha 20: Telemachus anawaambia waposaji maneno hayo hayo usoni, kuburutwa, kwa aibu, nyumba nzuri. Ameona mwenyewe, maana anaishi humo. Kitabu cha 22: Leodes, mpiga ramli wa waposaji, anamwangukia Odysseus magotini na kujitetea kwamba yeye hakuwahi kumtendea wala kumwambia ovu mwanamke yeyote wa nyumba ile, na alikuwa akiwakanya wenzake waliofanya hivyo. Anakatwa kichwa akiwa bado anasema, lakini utetezi wake usingekuwa na maana yoyote kama waliobaki hawakuwa wakiwatendea wanawake hao maovu.

Na lipo neno zito kuliko yote. Antinous ameanguka kwa mshale wa kooni, Odysseus amevua utambulisho wa uongo, anawasomea waposaji makosa yao kabla ya kuwaua. Mmeila nyumba yangu. Mmemposa mke wangu nikiwa hai. Na katikati ya hayo, mshororo wa 37: mmewalalia wajakazi wangu biaiōs. Kwa nguvu.

Mishororo mia nne baadaye, Odysseus huyo huyo anaamuru wanawake hao wakatwe kwa panga mpaka roho zitoke na wausahau ule utamu wa Aphrodite, mungu-jike wa mapenzi, walioupata chini ya waposaji wakikutana nao kwa siri.

Kwa nguvu, kisha kwa siri. Nimesoma watu wanaolieleza jambo hili kama usahaulifu wa mshairi wa kale aliyetunga kwa kichwa. Sidhani. Kila shtaka limekatwa kwa kipimo cha anayeshtakiwa. Mbele ya wanaume, tendo lilikuwa la nguvu, kwa hiyo ni wizi wa mali ya Odysseus. Mbele ya wanawake, tendo lile lile lilikuwa la siri, kwa hiyo ni uasi dhidi ya Odysseus. Mlalamikaji katika kesi zote mbili ni mmoja, na aliyelaliwa si mlalamikaji katika hata moja.

Mtu asiseme kwamba utenzi wa zama zile haukuwa na lugha ya kutaka na kutotaka. Unayo, tena nzuri. Katika Kitabu cha 5 Odysseus yuko kisiwani kwa mungu-jike Calypso, miaka saba imepita sasa, na kila usiku analala naye pangoni. Mshairi anapima kwa makini: alilala, asiyetaka kando ya anayetaka. Maneno mawili tu ya Kigiriki yamegongana, na shujaa ametakata. Kwa hiyo mtu aliyeshikwa na mwenye nguvu kumzidi anaweza kulala naye miaka saba na asihesabiwe kosa. Shujaa amepewa mshororo wake. Wajakazi wana kile kielezi kimoja tu, na chenyewe kimetamkwa kwa ajili ya kuwashtaki watu wengine.

Halafu kuna Phemius, na hapa ndipo nilipofunga kitabu kidogo nikanywa chai.

Phemius ni malenga wa nyumba. Kwa muda wote waposaji walipokuwa wakila, yeye ndiye aliyewaimbia. Mauaji yanapofika ukingoni amesimama karibu na mlango wa nyuma na kinubi chake mkononi, anajiuliza akimbilie madhabahu ya Zeus, mkuu wa miungu, uani au amwangukie Odysseus. Anaweka kinubi chini, anaangukia magoti. Utetezi wake: sikuja humu kwa kutaka wala kwa kutafuta chochote, walikuwa wengi, wenye nguvu kunizidi, wakanileta kwa lazima. Anamtaja Telemachus kuwa shahidi. Telemachus anaruka: mwache huyo, hana hatia. Na Medon mpiga mbiu naye tumwokoe, maana alinitunza nilipokuwa mtoto. Medon anatoka alikojificha, chini ya kiti, amejifunika ngozi ya ng'ombe iliyochunwa karibuni. Odysseus anatabasamu, anawaambia wote wawili wakakae uani.

Kwa hiyo utetezi wa kulazimishwa ulijulikana katika mahakama hiyo. Ulitolewa, ukathibitishwa na shahidi mmoja, ukakubaliwa papo hapo. Walikuwa wengi, wenye nguvu kunizidi. Mjakazi yeyote kati ya kumi na wawili angeweza kuyarudia maneno hayo bila kubadilisha hata moja, na Telemachus, aliyeona wakiburutwa, angekuwa shahidi yule yule. Tofauti ni kwamba Phemius alipewa nafasi ya kufungua kinywa. Wajakazi waliingia wakilia, na kilio hakikuandikwa kama ushahidi. Naona pia, kwa kando, kwamba tenzi hutungwa na malenga, na malenga alihakikisha malenga mwenzake hafi.

Hukumu ya Odysseus ilikuwa panga. Waliobadilisha panga kuwa kamba si yeye, ni mwanawe. Wakiwa wamebanwa uani, Telemachus anasema hatawatoa roho kwa kifo kisafi, hawa waliommwagia matusi yeye na mama yake na kulala na waposaji. Utaratibu wake: matusi kichwani pake kwanza, kisha mama, kisha vitanda. Ukitaka kujua hasira hiyo imetoka wapi, rudi kwa Eurycleia. Katika maneno yake yale yale ya mashtaka amechomeka kwamba Telemachus ndiyo kwanza anakua, na mama yake hakumruhusu kuwaamrisha wanawake wa kazi. Huyu ni kijana aliyemwambia mamaye mbele ya wageni, katika Kitabu cha 1, arudi chumbani kwenye mtande na kijiti chake cha kusokotea, maneno ni ya wanaume. Kwa miaka wajakazi wamemcheka asiweze kuwafanya kitu. Amri yake ya kwanza kwao ikawa hiyo.

Alichukua kamba ya merikebu, ile nene, akafunga ncha moja kwenye nguzo kubwa na nyingine akaizungusha kwenye kile kibanda, akaivuta juu ili mguu wa yeyote usifike chini. Utenzi unasema: kama vile ndege wenye mabawa marefu, au njiwa, wanaporudi kulala wakaangukia mtego uliotegwa kichakani, wakapokewa na kitanda cha kuchukiza, ndivyo vichwa vyao vilivyokaa mstari mmoja, kitanzi shingoni kwa kila mmoja, wafe kifo cha kusikitisha mno. Wakapapatika kwa miguu kidogo, si kwa muda mrefu.

Mshairi aliyewanyima neno amewapa tashbihi hiyo. Njiwa anayerudi kulala hana hatia, na neno kitanda limewekwa hapo kwa makusudi, kwa watu waliouawa kwa sababu ya kitanda. Na ile miguu. Kaka yake Melantho, mchunga mbuzi Melanthius, anayefuata mara moja baadaye, anakatwa pua, masikio, uume, mikono na miguu, na utenzi unaorodhesha viungo kama bucha. Haujisumbui kumpa ndege.

Miungu walikuwa wapi? Athena, mungu-jike mlinzi wa Odysseus, alikuwepo ukumbini muda wote wa vita. Alikuja kwa umbo la Mentor rafiki wa familia, akageuka mbayuwayu akatua kwenye boriti, akapotosha mikuki ya waposaji, mwishowe akainua ile ngao yake ya kutisha wakatawanyika kama ng'ombe waliovamiwa na nzi. Penelope naye alimlaza usingizi mzito. Anapoamshwa katika Kitabu cha 23 anasema hajalala usingizi mtamu kama huo tangu mumewe aende Troy. Lakini uani, wakati kamba inafungwa, hakuna mungu anayetajwa. Damu ya wanaume ilihitaji mbingu: katika Kitabu cha 24 ndugu za waposaji wanachukua silaha kulipiza kisasi, na inabidi Zeus na Athena waingilie kati kuleta amani. Damu ya wajakazi haikuwa na wa kuidai. Kitabu hicho hicho kinafunguka kwa mungu Hermes akizipeleka roho za waposaji kuzimu, zinalialia kama popo, na mmoja wao anamsimulia mzimu wa Agamemnon, jemadari wa Wagiriki kule Troy, mkasa wote. Roho za wanawake hazimo kwenye msafara huo.

Wasimulizi wa siku hizi wamerudi kuwatafuta. Margaret Atwood katika The Penelopiad, 2005, amewapa kiitikio chao wenyewe, wanaimba, wanacheza, hata wanamfungulia Odysseus kesi. Ni kazi ya werevu mkubwa. Ila amebuni kwamba Penelope mwenyewe kwa siri aliwatuma wajakazi wajipendekeze kwa waposaji wamletee habari, na hapo mimi na yeye tunaachana njia. Ukishasema walikuwa majasusi wa bibi yao, umewaokoa kwa kuonyesha kwamba walikuwa waaminifu, na kosa limehamia kwa mwanamke mwingine. Homer ametupa kilicho kikali zaidi bila ubunifu wowote: hata Melantho, asiye mwaminifu, mwenye matusi, aliyecheka, yumo ndani ya ule wingi wa wajakazi ambao Odysseus alisema walilaliwa kwa nguvu.

Emily Wilson, mwanamke wa kwanza kuchapisha tafsiri kamili ya Odyssey kwa Kiingereza, 2017, alifanya jambo dogo zaidi lililoniingia zaidi. Katika hotuba ile ya Telemachus kabla ya kamba, wafasiri kadhaa kabla yake walimtia kinywani matusi ya kahaba na malaya. Kigiriki hakina tusi hapo. Kina kiwakilishi tu cha jinsi ya kike: hawa, ambao walimwaga matusi, ambao walilala. Wilson akaliacha tusi, akawaita wasichana. Nilijaribu mshororo huo kwa Kiswahili, na kwetu mtego ni wa namna nyingine: "hawa waliolala na waposaji" haina tusi kabisa, lakini pia haisemi kama ni wanaume au wanawake. Ukitaka jinsi ionekane lazima uongeze jina, na jina lolote utakalochagua, wanawake, wasichana, wajakazi, vijakazi, tayari umeshatoa hukumu. Nimeshikilia "wajakazi" katika makala haya yote kwa sababu ndilo linalosema nani alikuwa na nguvu. Mtu mwingine atachagua jingine.

Anabaki Dolios, baba. Siku inayofuata Odysseus anakwenda shambani kwa Laertes, na mzee Dolios anarudi kutoka kazini na wanawe sita. Wapo wataalamu wanaosema huyu ni Dolios mwingine, jina tu limefanana. Utenzi wenyewe hautofautishi. Mzee anamtambua Odysseus, anamkimbilia mikono wazi, anamshika na kumbusu mkono, anamwambia: umerudi kwetu tuliokutamani tukiwa tumekata tamaa, miungu wamekuleta. Kisha anauliza jambo la mtumwa mwema: je, Penelope ameshajua kwamba umefika, au tutume mtu akampashe?

"Mzee, ameshajua," Odysseus anamjibu. "Ya nini kujisumbua?"

Dolios anakaa kwenye kiti. Wanawe nao wanamzunguka Odysseus, wanamkaribisha, wanamshika mikono, kisha wanakaa mmoja mmoja karibu na baba yao, na chakula kinaendelea.